Kisanduku kijacho kijaribiwe Bujora

Kwenye meza za televisheni za Kisesa na Bujora, vifaa vilivyokufa havitupwi. Chini kabisa utakuta deki ya DVD iliyogoma kufungua mdomo. Juu yake kimelala king'amuzi cha antena kilichonunuliwa harakaharaka mwaka 2013, juu yake tena cha dishi, vyote vimefunikwa kitambaa kimoja cha kufuma. Pembeni, siku hizi, kuna mgeni: kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, kisichotaka dishi wala antena, ambacho kijana wa nyumba alikibeba kutoka Kariakoo alipokuja likizo ya Desemba. Kinahitaji umeme, waya wa HDMI na intaneti. Viwili vya kwanza vipo. Hicho cha tatu ndiyo shughuli.

Huko vinakobuniwa, gumzo ni kizazi kijacho cha visanduku hivi. Wapenzi wa Apple TV wamekuwa wakimsubiri mrithi wa toleo la 2022. Google walitoa Google TV Streamer mwaka 2024 kwa karibu dola 100, na kabla hakijapoa watu wakaanza kuulizia kitakachofuata. Orodha ya matarajio haibadiliki sana: chipu yenye kasi zaidi, Wi-Fi mpya, michezo yenye picha nzito, msaidizi wa sauti mwenye akili bandia. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ningeomba tu kwamba kabla ya uzinduzi, mmoja wa wahandisi apande daladala Mwanza mjini, ashuke Kisesa kwenye barabara ya Musoma, apande kilima cha Bujora na kisanduku chake mkononi, akae wiki moja. Nadhani angerudi na orodha nyingine.

Watu wa huku wamezoea kubadilishiwa mitambo. Tanzania ilitangulia Afrika Mashariki nzima kuzima matangazo ya analojia: Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na zamu ya Mwanza ikafika mwisho wa Februari 2013, zaidi ya miaka miwili kabla ya ukomo wa kimataifa wa Juni 17, 2015. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa na hoja zake, na hoja ya kuokoa masafa ilikuwa ya kweli. Lakini kwa mwenye televisheni ya chogo sebuleni maana yake ilikuwa moja tu: leo picha, kesho chenga, mpaka ununue king'amuzi. Mwanza ndiko nyumbani kwa Star TV, na ghafla hata kuitazama stesheni ya mjini kwako kukahitaji kisanduku.

Desemba 2013 Azam TV ikaingia kwa dishi, ikiwa na Ligi Kuu mkononi. Kisha Agosti 2018 masharti ya leseni yakabanwa, na chaneli za bure kama ITV, Star TV na Clouds zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya dishi. Ndiyo asili ya ile ghorofa ya mezani: kimoja cha mpira, kingine cha taarifa ya habari. Baadaye mambo yalilegezwa, ila somo lilishakaa vichwani. Kisanduku unakinunua wewe, lakini kitakachoonekana ndani yake wanaamua wengine, na wanaweza kubadili mawazo Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo mtu wa Bujora akiambiwa kuna kisanduku kipya, haulizi kina chipu gani. Anauliza kinakula kiasi gani.

Jibu linatisha. Kwa makadirio ya Netflix wenyewe, picha ya kawaida hutumia takriban GB 1 kwa saa, picha ya HD hadi GB 3, na ile kali ya 4K hadi GB 7. Dabi ya Simba na Yanga, ukiweka uchambuzi wa kabla na mapumziko, haipungui saa mbili. Hizo ni GB 6 kwa HD. Wengi hapa hununua bando la siku au la wiki kwenye simu, wakawasha hotspot, kisanduku kikanyonya kutoka hapo. Kwa bando la namna hiyo, ni bahati kufika kipindi cha pili.

Tena kisanduku chenyewe hakina adabu. Kikiwashwa tu, kabla hujagusa rimoti, kinaanza kujisasisha. Ukisimama juu ya picha ya filamu ili usome jina, kinacheza kipande chake bila kuombwa. Kikiona mtandao una nguvu kidogo, kinapandisha ubora wa picha kwenye televisheni ya inchi 24 ambayo haiwezi hata kuionyesha tofauti hiyo. Mita ya umeme ya LUKU, pamoja na lawama zote tunazoitupia, inakuonyesha uniti zilizobaki na inapiga kelele zikikaribia kuisha. Kisanduku kinachouzwa kwa dola 100 hakiwezi kusema umebakiwa na MB ngapi. Hilo ningeliweka juu kabisa: kaunta kwenye kona ya skrini, na kitufe kimoja cha rimoti cha kusema *nipe picha nyepesi, usinizidishie*.

Sasa twende kwa mshindani wake halisi, ambaye wahandisi wale wasingemfikiria. Karibu na kituo cha magari Kisesa, kama ilivyo katika kila senta ya Kanda ya Ziwa, kuna kibanda cha kuingiza nyimbo na muvi. Kompyuta moja ya mezani ambayo feni yake inaunguruma, hadi disi mbili tatu zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kikopo cha plastiki kimejaa flashi za wateja, kila moja ina kipande cha plasta kilichoandikwa jina. Mteja anaulizwa maswali mawili: unataka iliyotafsiriwa au ya lugha yake, na ile sizoni uliishia wapi. Anaacha flashi, anaenda sokoni, anarudi kuichukua. Jioni inachomekwa nyuma ya televisheni. Familia inatazama, jirani anaazima, na hakuna MB hata moja iliyoliwa.

Ni wizi wa kazi za watu, tusipambe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina utata hapo, na wasanii wetu wenyewe wameumia, kuanzia enzi za kanda hadi leo. Ila kibanda kile kimeelewa jambo ambalo makampuni makubwa yamelikataa. Pakua mara moja, tazama mara nyingi. Kipande kile cha plasta chenye jina kinamaanisha kwamba kilichomo ni chako, hata mtandao ukilala.

Cha kushangaza ni kwamba visanduku hivi vilianza hivyohivyo. Apple TV ya kwanza kabisa, ya mwaka 2007, ilikuwa na hadi disi ya GB 40 ndani yake. Ulikuwa unahamishia filamu kutoka kwenye kompyuta yako, zinakaa humo, unatazama utakapo. Toleo la pili, mwaka 2010, likaja dogo na la bei nafuu, na hadi disi ikatolewa: kuanzia hapo kila kitu kilipaswa kuvutwa kutoka mtandaoni au kwenye kompyuta yako wakati uleule unapokitazama. Kwa nyumba ya California yenye intaneti ya waya isiyo na kikomo, yalikuwa maendeleo. Kwa Bujora, kizazi cha kwanza kilitufaa kuliko vyote vilivyofuata. Apple TV ya 2022 ina nafasi ya GB 64 au 128, na hairuhusu kupakua humo hata sinema moja ya kutazama baadaye.

Netflix walikubali watu wapakue filamu tangu Novemba 2016, lakini kwenye simu na tableti. Kwenye televisheni, hapana. Yaani kioo cha kutazamwa na mtu mmoja kinaruhusiwa kuhifadhi, na kile cha kutazamwa na watu tisa, wengine wamekaa sakafuni, hakiruhusiwi. Sijawahi kuona sababu ya maana ya jambo hili. Nadhani hakuna aliyewahi kuliuliza mahali ambapo bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana. Kisanduku kijacho kiamke saa sita usiku, kipakue nilichokiagiza jioni kwa ubora nilioutaka, kilale saa kumi na moja alfajiri. Kazi hiyo haihitaji chipu mpya. Hata simu ya bei ndogo inaiweza.

Wapo watakaosema intaneti itashuka bei na haya yatapitwa na wakati. Huenda. Lakini tukumbuke Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa wakati mmoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hata wenye fedha na waya nyumbani walikaa wakiangalia kile kiduara kinazunguka. Kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya nyumba ndicho kilichotazamwa.

Mpira ni kesi ya peke yake, kwa sababu mpira hauhifadhiki. Mechi ya jana ni habari. Tatizo lake ni kuchelewa. Picha ya mtandaoni kwa kawaida humfikia mtazamaji sekunde 30 hivi nyuma ya uwanja, wakati mwingine zaidi, na picha ya dishi huitangulia. Sasa jenga nyumba yenye kisanduku cha intaneti hatua hamsini kutoka kwenye kibanda umiza, ukumbi wa mtaani wa kutazama mpira kwa kiingilio, chenye dishi, halafu weka dabi. Umekaa, mpira uko kwa kipa, mara kibandani wanalipuka. Umeshajua kuna goli. Kilichobaki ni kukisia nani kafunga kwa kusikiliza matusi. Ndiyo maana kuna wenye televisheni nzuri nyumbani wanaofunga mlango na kwenda kulipa kiingilio kibandani, kubanana kwenye mabenchi na kunusa jasho la wenzao. Na tangu Pamba Jiji ya Mwanza irudi Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya miaka zaidi ya ishirini nje, mechi za kukimbilia kibandani zimeongezeka.

Watengenezaji wanadhani kila akaunti ni nyumba moja yenye baba, mama na watoto wawili. Kibanda umiza ni nyumba yenye watu themanini. Badala ya kukichukulia kama mwizi, kisanduku kijacho kingeweza kuwa na malipo ya mechi moja kwa ukumbi mdogo, kwa simu, risiti ikatoka hapohapo. StarTimes walishaelewa kwamba watu wa huku wananunua kwa siku na kwa wiki. Hawa wa visanduku vya intaneti bado wanataka mwezi mzima, na kadi ya benki.

Nije kwenye lugha, ambako ndiko nilikocheka zaidi. Katika nyumba moja chini ya mawe ya Bujora nilimkuta mjukuu amemshikia bibi yake rimoti, amebonyeza alama ya kipaza sauti. “Bibi, sema jina la unayemtaka.” Bibi akaiamkia televisheni kwanza, mwangaluka, kama inavyotakiwa kwa mgeni aliyeingia asubuhi. Kisha akamtaja Bhudagala, mwimbaji wa Kisukuma ambaye video zake zimejaa YouTube. Kisanduku kikafikiri, kikaleta Budapest. Picha za mto na madaraja. Bibi akazitazama kwa heshima kidogo, kisha akauliza kama huko nako wanalima pamba.

Mjukuu akaamua kuandika. Bhudagala Mwanamalonja ni herufi 21, kila moja inatafutwa kwa mishale ya rimoti. Zaidi ya hapo, kuna aliyepandisha video akaandika Budagala bila *h*, na mwingine ameanza jina la pili kwa *Ng'w*, na ule mkato wa juu umefichwa ukurasa wa pili wa kibodi. Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na kwenye simu kinasikika vizuri siku hizi. Siri ya Apple haijakijua. Kisukuma, lugha ya mamilioni ya watu, hakipo kwenye orodha ya yeyote kati yao. Sidai televisheni inisomee misa kwa Kisukuma. Nadai isikie majina ya waimbaji wetu, Bhudagala na Nyanda Madirisha na wenzao, kama inavyosikia ya Wamarekani.

Kuna na lile la kutafsiri. Lufufu na DJ Mark walijipatia majina nchini kwa kuingiza sauti zao juu ya filamu za Kichina, Kihindi na za Hollywood, wakisimulia kwa Kiswahili, wakiongeza vichekesho na mawaidha yao. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, akina VJ Jingo wakifanya hivyohivyo kwa Kiganda. Wanaodharau kazi hii hawajawahi kukaa na hadhira yake: mtazamaji anamchagua msimuliaji kwanza, filamu baadaye. Kisanduku kingeweza kuihalalisha kwa njia nyepesi sana. Filamu ibaki ya mwenyewe, ilipiwe. Sauti ya msimuliaji iwe faili lake dogo la pembeni, linalochezwa sambamba na picha, nalo lilipiwe. Faili la sauti ya saa mbili ni makumi ya MB tu. Kila mtu angepata chake, na kile kikopo cha flashi Kisesa kingeanza kupungua bila polisi.

Mengine nitayapita haraka. Visanduku viwe na matundu ya nyaya tatu za rangi, kwa sababu chogo bado zipo na zinaonyesha vizuri. Viendeshwe na umeme mdogo wa sola. Visife umeme ukirudi kwa kishindo. Na viwe salama: Januari 2023 ilibainika kwamba visanduku vya bei poa vya aina ya T95 viliuzwa vikiwa na programu hasidi ndani tangu kiwandani, na Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari juu ya mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, unaotumia intaneti ya nyumba ya mtu bila yeye kujua. Si kila cha bei nafuu kina ugonjwa huo. Ila mnunuzi wa Kariakoo au wa Makoroboi mjini Mwanza hana namna ya kukipima, na TCRA, yenye mamlaka ya kuidhinisha vifaa, ingeweza kumsaidia kwa orodha fupi ya vilivyopita, ikabandikwa mahali panaposomeka.

Nani atakitengeneza kisanduku hiki? Sitegemei California. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, kwa hiyo mpira wanao muongo mzima. Dishi wanalo, programu ya simu wanayo, maduka wanayo mpaka vijijini. Na setilaiti inaweza kufanya jambo ambalo watu wengi hawalijui: kurusha mafaili usiku moja kwa moja kwenye hadi disi ya kila king'amuzi, bila bando. MultiChoice walianza kufanya hivyo kwa huduma ya BoxOffice ya DStv mwaka 2011. Filamu zilishuka kutoka angani zikajihifadhi, mteja akalipia aliyoitaka. Unganisha njia hiyo na intaneti kidogo ya kulipia na kutafuta, na una kisanduku kinachofanya kazi Kisesa na hata visiwani Ukerewe.

Humo ndani ningependa kuikuta Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma. Kila mwaka, kwa kawaida Juni, katika sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, uwanja wa Bujora hujaa. Padre David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Kanada, ndiye aliyeijenga Bujora kuanzia miaka ya 1950, kanisa la mtindo wa nyumba ya Kisukuma na makumbusho yaliyofunguliwa 1968, na ngoma zikaingia kwenye sikukuu ya kanisa. Wanaoshindana ni Bagika na Bagalu, pande mbili ambazo hadithi zake huanzia kwa Ngika na Gumha. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja uleule, mbalimbali kidogo. Hakuna majaji wa meza na karatasi za alama. Anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Huyu akitoa chatu, umati unakimbilia huku. Yule akirusha majembe juu na kuyadaka, umati unageuka, vumbi linanyanyuka, akina mama wamebeba watoto wanakimbia na wazee na fimbo zao wanakimbia.

Sijaona kamera iliyowahi kuutendea haki mchezo huu, kwa sababu kamera moja inachagua upande, na ukishachagua upande umeua shindano. Lakini tangu 2023 Apple TV inaweza kugawa skrini na kuonyesha mechi kadhaa za ligi ya soka ya Marekani kwa pamoja, mtazamaji akihamishia sauti anakotaka. Hiyo ndiyo teknolojia ya Bulabo, imebuniwa bila kujua. Skrini mbili, Bagika kulia, Bagalu kushoto, na rimoti inayohesabu nyumba ngapi zimehamia upande upi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020, zilidai leseni na ada kwa anayetaka kurusha televisheni mtandaoni. Ada ya namna hiyo isitozwe kwa ngoma za parokia na makumbusho. Rekodi zishuke usiku kwenye visanduku, zikae. Na kila inapofunguliwa, Muscat, Toronto au Magu, kikundi kilichocheza kilipwe chake kwa simu jioni hiyohiyo, hata ikiwa ni shilingi kumi.